Waya Uliofungwa Utepe

Masalu, fundi redio wa Bariadi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa wa kupelekwa hospitali. Neno "sijui" lilikuwa halimtoki mdomoni. Ukimletea redio, anajua. Ukimletea saa ya ukutani, anajua. Kuna mzee aliwahi kumletea meno yake ya bandia yaliyovunjika, na Masalu akayaweka mezani, akayageuzageuza, akasema yaachwe hadi kesho.

Kwa hiyo mama mkwe wake, Nyanjige, aliposhuka kwenye lori la pamba kutoka Kalemela, amekumbatia gitaa la umeme ndani ya gunia, Masalu hakujiuliza kama aliwahi kufungua gitaa hata siku moja. Hakuwahi. Akalipokea kwa macho tu, maana kulipokea kwa mikono haikuwezekana. Nyanjige alilitua gunia kizingitini, akasogea kando, ndipo mkwe wake akainama kulichukua.

Ndivyo ilivyo. Mwanamume wa Kisukuma na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni. Wakiwa na jambo la kuzungumza, awepo mtu wa kati. Nyumbani kwa Masalu mtu huyo alikuwa Gloria, binti wa mmoja na mke wa mwingine, ambaye jioni ile aliketi mlangoni, mama yake akiwa chumbani na mumewe akiwa sebuleni, hatua chache tu kati yao.

"Gloria," sauti ikatoka chumbani, "mwambie mumeo gitaa linakwaruza. Kile kitufe cha sauti ukikizungusha, linakata kabisa."

"Mama anasema gitaa linakwaruza," Gloria akasema. "Kile kitufe cha sauti ukikizungusha, linakata kabisa."

Masalu, ambaye alikwisha kusikia vizuri mara ya kwanza, akaitikia kana kwamba habari ndiyo kwanza inamfikia, akimtaja mama kwa Kisukuma. "Mwambie mayu nitalifanya upya. Na ule mvumo wake nitauondoa."

Sauti ya chumbani ikaongeza:

"Mwambie ndani mna waya umefungwa utepe mweusi. Marehemu aliukata mwenyewe. Huo asiuguse."

Gloria akarudia neno kwa neno, na pale penye "asiuguse" akamkazia mumewe macho. Masalu akatabasamu. Marehemu Januarius, baba mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli. Kwaya ya kigango cha Kalemela ilimjua kwa gitaa lile, alilolinunua kwa bendi moja ya Mwanza iliyosambaratika, lakini mkono wake ulizoea spoku na minyororo. Mtu wa baiskeli akate waya, mtu wa redio auache hivyo hivyo?

Hata hivyo swali lilimjia: aliukata kwa nini? Lilikuwa swali la kawaida, na jibu lilikuwa pale pale, nyuma ya pazia. Ila kuuliza "kwa nini" ni kukiri kwamba hujui, na kukiri kwa mama mkwe, tena kupitia kinywa cha mkeo, Masalu aliona ni kujivua nguo. Akalimeza swali lake, akalala nalo.

Asubuhi akalifungua gitaa kibandani. Ndani mlikuwa na vumbi, buibui mmoja mzee na nyaya zilizolehemiwa kwa papara. Zamani angechinja redio mbovu ili apate kifaa kimoja, lakini hizi zilikuwa enzi za ruksa, biashara imeachiwa huru. Duka la Hanif lilijaa vitu kutoka Dubai mpaka vinaning'inia mlangoni, na Masalu alirudi na koili mpya za kunasa sauti, vitufe vipya, tundu jipya la kuchomekea waya. Akayeyusha risasi, akalehemu kila kiungo kwa utulivu. Tumbo la gitaa akalitandika karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, ili lisizoe makelele ya hewani. Kazi ilikuwa safi, na haki yake apewe.

Waya wa utepe akauacha wa mwisho. Ulitoka kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi, ukaishia hewani, umefungwa utepe kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Masalu aliuelewa upesi. Ni waya wa ethi, unaounganisha nyuzi na chuma cha amplifaya, na pasipo huo nyuzi hubaki yatima, gitaa likavuma kama mzinga wa nyuki. Akaubandua utepe, akauunga.

Alipolijaribu kwa amplifaya yake mwenyewe, kimya kilikuwa kitupu, na uzi ukiguswa sauti inatoka kama maji ya kisimani. Watu wakajaa. Gloria akaja na chai, akasikiliza, akauliza kwa sauti ya chini:

"Baba Precious, na ule waya?"

"Upo," akasema Masalu.

Na kweli ulikuwepo.

Misa ya shukrani ya mavuno ilifanyika Kalemela baada ya watu kuuza pamba, mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Mmoja wao, ili apendwe, alikiazimisha kigango jenereta yake. Akina mama walifagia kanisa tangu alfajiri, kisha wakanyunyiza maji mengi sakafuni, maana sakafu ilikuwa ya udongo na Padri hakupenda vumbi. Mbele wakatandika mkeka wa kusimamia wanakwaya.

Masalu alijichagulia mahali pazuri, kando ya amplifaya ya kwaya, ili watu wajue nani wa kumshukuru. Lilikuwa sanduku la chuma ambalo Januarius aliliunda kutokana na redio kubwa ya zamani. Miguuni pa Masalu, kwenye waya uliotoka kwa jenereta, palikuwa na swichi nyekundu ya kuwashia na kuzimia.

Januarius alipofariki, wengi walitaka gitaa apewe kijana. Nyanjige akawauliza kijana yupi aliyekesha nalo miaka yote hiyo pembeni ya mumewe, akajivika mkanda begani, na waliocheka waliacha kucheka kabla ya ubeti wa pili. Siku hiyo alipiga vizuri kuliko siku zote. Sauti ilikuwa safi mpaka Malimi, mpiga ngoma, akamgeukia Masalu, akamtikisia kichwa kwa kumsifu. Masalu akajaa kifua.

Ukafika wimbo wa matoleo. Watu walikuja wakicheza, na vikapu vya mpunga na kuku waliofungwa miguu, na Nyanjige naye akapandwa na furaha. Akavua kandambili zake. Akacheza akitoka kwenye mkeka, akakanyaga udongo uliolowa kwa nyayo tupu.

Gitaa likatoa mlio mmoja mrefu usiokwisha. Mkono wake wa kushoto ukafumba shingo ya gitaa na haukufumbuka. Kichwa kikaenda nyuma. Watu wakadhani ni shangwe, na wanawake wakapiga vigelegele.

Masalu hakudhani. Katika kanisa zima ni yeye peke yake aliyejua, na alijua papo hapo, yote kwa pamoja. Sanduku la Januarius lilikuwa linavujisha umeme. Mzee wa baiskeli aliumwa nalo, akashindwa kuliponya, akafanya lile aliloliweza: akaikata njia ya umeme kwenda kwenye nyuzi, akavumilia mvumo. Na yeye, fundi, ameiunga.

Swichi ilikuwa mguuni pake. Hakuhitaji kumgusa mama mkwe hata nguo. Kidole cha mguu kilitosha.

Badala ya kuikanyaga, aliwaza. Aliwaza kwamba akiruka kwenye swichi sasa hivi, kabla mtu hajajua kuna nini, wataulizana yeye amejuaje. Ni jambo la kutisha jinsi mtu anavyoweza kuwaza hadi mwisho sentensi kama hiyo huku mama wa mkewe anatetemeka mbele yake. Alipoimaliza, Malimi alikwisha kuiruka ngoma yake na kuukwanyua waya wa jenereta kwa teke. Vigelegele vikakatika, na Nyanjige akaanguka.

Hakufa. Muuguzi wa zahanati alimfunga bendeji mkono wa kushoto, akasema moyo uko sawa, ila vidole viwili vimeungua mpaka ndani na hakuna wa kuahidi kwamba vitakunjika tena. Vilikuwa vidole vya kubania nyuzi.

Mchana walikula kwa Nyanjige kama ilivyopangwa, kwani kuku walikwisha kuchinjwa. Wanaume waliketi sebuleni, mgonjwa akiwa chumbani nyuma ya pazia. Masalu alijiandaa kulaumiwa. Tangu kanisani alikuwa anatafuta maneno, na hakuna lililokaa vizuri mdomoni. Ndipo katekista Maganga akainua mkono.

"Mmemwona mkwe wetu leo?" akasema. "Mimi nilimwona. Alisimama pale anatetemeka kama jani. Anataka kumshika mama, mila inamzuia. Aliumia kuliko sisi wote. Siku hizi za ruksa, kijana wa mjini mwenye adabu ya namna hiyo utampata wapi?"

"Kweli kabisa," wakaitikia. Malimi akaongeza, "Nami nilisema, ingekuwa mwingine angemrukia mkwe wake mbele ya Padri."

Wakamwekea Masalu firigisi sahanini, fungu la mwanamume wa kuheshimiwa. Angeweza kuikataa. Angeweza kusema neno moja. Lakini heshima aliyoililia miaka yote ilikuwa imekuja mezani ikiwa bado ya moto, naye akaitia mdomoni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na wenzake wakaona jinsi masikio yalivyoiva, wakasema ona alivyo na haya.

"Gloria," sauti ikatoka chumbani. Ilikuwa dhaifu, lakini nyumba ilikuwa ndogo.

"Abee, mama."

"Muulize mumeo. Ile swichi nyekundu ilikuwa mbali naye?"

Kila mtu sebuleni alisikia, na kila mtu alitulia kwa adabu kana kwamba hakusikia, maana neno la mama mkwe halijamfikia mkwe mpaka mtu wa kati alirudie. Gloria alikuwa mlangoni, ameshika birika la maji ya kunawa. Akamtazama mumewe. Wote wakamsubiri aseme.

Hakurudia. Alisimama tu, ameliacha swali pale katikati, amwone mumewe kama ataliendea mwenyewe.

Jibu lilikuwa fupi: ilikuwa mguuni pangu, mayu. Masalu alilisikia likipanda kooni, likakutana na firigisi ikishuka. Akatazama kiatu chake. Katekista, ambaye hakuelewa kitu, akamgusa bega kwa upole.

"Kula, mkwe."

Masalu akatafuna.

Kisha kitanda kikalia kidogo, kama mtu anapojigeuza ukutani.

"Basi, Gloria. Usimuulize," akasema Nyanjige. "Muache ale. Hajasikia."

Maganga akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanong'ona kwamba nyumba hii ingali na mila. Gloria akapiga goti mbele ya mumewe na birika lake. Masalu akanyoosha mikono, yote miwili, mizima, vidole kumi vinavyokunjika, na maji yalipoanza kumwagika hakuthubutu kuinua macho.