Kitanda Kilichopimwa kwa Kamba

Asubuhi za kiangazi Antoine alichemsha vitambaa vya vidonda katika sufuria, nyuma ya chumba cha wanawake, kisha akavianika kwenye kamba pamoja na nguo za wagonjwa. Vilikuwa vitambaa vilevile vya mwaka uliopita, vimekwisha kuwa rangi ya chai. Pamba safi, ile nyeupe iliyofungwa katika karatasi ya buluu, ilitoka Ulaya na kwenda moja kwa moja kwenye jumba la wagonjwa Wazungu, ng'ambo ya bustani ya maua. Antoine alikuwa mwuguzi wa hospitali ya kilimani, Kasongo. Kila mara aliiona pamba hiyo ikipita.

Émérance wa Wamaza, upande wa Kabambare, alilazwa karibu na dirisha. Dokta alikuwa amemkata titi la kushoto, lililokuwa na uvimbe mgumu kama mbegu ya ngazi ya mchikichi, na alimweleza bila kumficha kwamba kansa ni ugonjwa wa mizizi. Yeye ameondoa shina. Mizizi imebaki chini ya mbavu. Ulaya kulikuwa na mashine ya kuichoma kwa mwanga. Hapa kulikuwa na kisu na subira. Émérance alielewa. Alikuwa mkulima, na habari za mizizi mkulima haambiwi mara mbili.

Alitaka kitu kimoja tu, kurudi nyumbani kabla Safi hajamsahau. Safi alikuwa mtoto wake wa kwanza, na alikuwa bado ananyonya siku mama yake alipopandishwa kwenye kamyo ya kumleta Kasongo. Masere, mtawa aliyesimamia chumba, hakukubali watoto waingie.

Siku moja Antoine alipofungua kidonda alikuta majani mawili madogo ya kijani, yamekunjuka kama viganja. Alisafisha pembeni yake kwa uangalifu, akamwuliza Émérance alipanda pamba lini.

"Mbele ya kukuja huku," Émérance akasema. "Mutoto alikuwa mugongoni. Mbegu nilifunga mu kikwembe, hapa kifuani."

"Basi ni hiyo," Antoine akasema, akaenda kunawa mikono.

Ndivyo wanawake wa Kabambare walivyopanda pamba ya Bulamatari, serikali ya Wazungu: mtoto mgongoni, mbegu kifuani, ili mikono yote miwili ibaki kwa jembe. Dokta aliukata ule mche kwa mkasi. Kesho yake ulikuwa mrefu zaidi. Dokta alikuwa na wagonjwa wengi, akauacha.

Ukakua mpaka ukapita chuma cha kitanda. Maua yake yalifunguka asubuhi yakiwa manjano hafifu, jioni yakawa mekundu kidogo, kisha yakaanguka juu ya shuka bila sauti. Nyuki waliingia kwa dirisha na kutoka kwa dirisha. Mchana, kivuli cha majani kilitembea polepole ukutani, na wanawake wote wa chumba kile walisinzia kama watu walio katika kibanda cha shambani. Mado, wifi ya Émérance, aliyekuja kukaa naye na kumpikia kama ilivyo desturi, ndiye pekee aliyenung'unika. Alisema alikimbia shamba la kaka yake akidhani atapumzika, kumbe shamba limepanda kamyo likamfuata mpaka lopitali.

Vitumba vilipopasuka, pamba ilikuwa nyingi. Antoine aliitoa mbegu kwa vidole, akaichemsha, akaifunga kwenye vidonda vya wote. Mguu wa mama Sidonie wa kitanda cha jirani, uliooza tangu masika, ukaanza kuziba. Kidonda cha Émérance kilikauka kuzunguka shina, kama gome. Akaanza kula bugali na sombe, akamaliza sahani, akaomba tena.

Ndipo Théophile, mumewe, alipofika na Safi. Masere alimwonyesha mahali pa kusimama, nje, chini ya dirisha. Théophile akamwinua mtoto juu. Safi alimtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kuomba maji, kisha akaficha uso katika shingo ya baba yake.

Théophile hakuwa na habari nzuri. Shamba la Wamaza, kwa mikono ya mtu mmoja, nusu yake ilikuwa imeharibika. Moniteri Gérard, msimamizi wa pamba, alikuwa amemwambia kwamba kikapu kisipojaa siku ya soko atapata kiboko, kisha gereza la Kabambare. Émérance aliuliza nani atabaki na mtoto. Théophile akasema ndiyo maana amekuja.

Émérance akamwambia Mado alete kikapu. Waliokuwa na nguvu waliinuka wakachuma, na waliolala walipokezana pamba kutoka kitanda hadi kitanda mpaka dirishani. Mama Sidonie alitaka kurudisha hata ile ya mguuni mwake, wakamkatalia huku wakicheka. Tangu mchana ule Antoine alirudia vitambaa vyake vya rangi ya chai, na mguu wa mama Sidonie ukaanza kunuka tena.

Sokoni, kikapu cha Théophile kilikuwa cheupe kuliko vyote. Gérard akamwuliza pamba hii imetoka shamba gani. Théophile alikuwa akiwafundisha watoto katekisimu siku za Jumapili, na hakuzoea kusema uongo.

"Kitanda ya bibi yangu," akasema. "Kule Kasongo."

Gérard hakukasirika. Alichukua kamba yake ya kupimia, akapanda kinga, baiskeli yake ya kazi, akaja.

Alipima urefu wa kitanda, akapima upana, akapigilia vijiti vinne katika nyufa za sementi, kimoja kwa kila mguu, maana pamba ya shamba lisilopimwa hairuhusiwi kuuzwa. Masere alimwomba afute viatu. Alipokuwa akikunja kamba, Gérard akamkumbusha Émérance sheria ambayo kila mkulima aliijua: mvua isikute shina lolote limesimama. Pamba yote ing'olewe na kuchomwa, wadudu wasivuke mwaka.

"Na mizizi?" Émérance akauliza.

"Yote, mama. Hata kipande kisibakie. Wanakuja kuangalia."

Émérance akafumba macho, akatabasamu. Aliyewahi kung'oa pamba anajua. Unashika chini kabisa, unatikisa kidogo, unavuta kwa nguvu ya magoti, na mzizi unatoka mzima, mrefu, mweupe, pamoja na udongo wake. Dokta alipoulizwa alifikiri, akasema kwamba kwa maoni yake kazi hiyo inaweza kufaa kuliko kisu.

Basi Émérance akajitayarisha. Alifua kikwembe chake. Mado alimsuka nywele, akafunga sufuria na sahani katika mzigo mmoja. Wakamtumia Théophile habari aje na mtoto, kwa kuwa mwenye shamba ndiye anayeng'oa. Siku zile za mwisho wa kiangazi moshi ulitanda hata jua likawa kama yai, na Émérance alilala chini ya majani yake akiota mchana kweupe kwamba amefika Wamaza, amevuka kijito, na Safi amekuja kumpokea kwa miguu yake mwenyewe.

Théophile alifika, akamkalisha Safi nje kwenye nyasi, akaingia, akatemea mate viganja. Gérard alisimama karibu na vijiti. Kisha akaingia bwana agronomu, Mzungu mkubwa wa pamba, kofia mkononi. Akachuma tumba la mwisho, akavuta nyuzi kati ya vidole gumba viwili kuona urefu wake. Akavuta tena. Akaongea Kifaransa na dokta kwa muda. Dokta aliitazama sakafu.

Gérard akatafsiri. Nyuzi kama hizi hazijaonekana popote. Mbegu yake inahitajiwa. Mti usiguswe.

"Na muzizi?" Émérance akauliza.

"Muzizi ubakie, mama."

"Sheria ilisema yote."

"Ilisema. Sasa inasema ingine."

Émérance akashika shina, chini kabisa, pale linapotoka kifuani. Lilikuwa na joto, na moyo wake mwenyewe ulipiga ndani ya shina. Wote waliuona ule mkono. Gérard alimwambia kwa sauti ya chini kwamba akiung'oa, atakayefungwa ni mumewe. Émérance akatazama dirishani. Safi alikuwa anatafuna kipande cha muhogo, amemwangalia kuku. Mkono ulikaa pale muda mrefu. Kisha ukaachia, ukanyoosha jani moja lililokuwa limejikunja.

"Moniteri," akasema. "Hapa iko shamba?"

"Ni shamba. Tumepima."

"Mutoto anakatazwa kuingia mu shamba ya mama yake?"

Gérard akafikiri. Sheria kama hiyo haikuwapo. Kule Kabambare watoto waliamriwa kuingia mashambani, wachume. Akamtazama masere, na masere akatazama vile vijiti vinne, akasogea pembeni. Aliomba tu mtoto afutwe miguu.

Théophile akamleta Safi, akamweka kitandani, ndani ya vijiti. Mtoto aliinua uso. Aliyajua majani kabla hajamjua mama yake, kwa kuwa tangu azaliwe amelazwa chini ya majani kama yale wakati watu wakilima. Akatambaa mpaka kwenye kivuli cha majani, akalipata titi la kulia, akashika tawi la chini kwa mkono mmoja, akanyonya.

Bwana agronomu alivaa kofia yake. Vilimani mashina ya wengine yalikuwa yanateketea. Nyuma ya chumba Antoine alianua vitambaa vya rangi ya chai haraka haraka, kwa sababu matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka. Mti ulisikia harufu ya maji, ukatoa jani jipya. Émérance alisogea kidogo kitandani ili kivuli cha jani hilo kifike kwenye macho ya mtoto.