Malkia Aliyewapa Mgongo

Kwa miaka mitatu Oreste Cavalca na Ermes Ghidini walisemezana maneno mawili tu. Oreste alisema, "Ghidini." Ermes alijibu, "Nipo." Baada ya hapo kila mmoja alirudi kwenye kimya chake, hadi opera nyingine.

Maneno hayo yalitoka kwenye orodha. Mjini Parma, Italia, watu wa roshani ya juu kabisa ya jumba la opera, wanaokalia benchi za mbao chini ya dari, hupanga foleni tangu asubuhi. Na ili mtu aweze kwenda kunywa kahawa asipoteze nafasi yake, majina huandikwa na kuitwa kila baada ya saa mbili. Anayeitwa mara tatu asiitike hukatwa. Oreste, msahihishaji wa chapa mstaafu, mgane asiye na mtoto, alikuwa ameishika orodha hiyo kwa miaka ishirini na sita, na penseli yake haikuwahi kumwonea mtu huruma.

Zamani walikuwa marafiki, na urafiki wao ulikuwa ubishi. Oreste alitaka opera ya kale ionyeshwe ilivyoandikwa: mnara uwe mnara, malkia avae mahameli, na aimbe akiwatazama watu. Ermes, aliyekuwa fundi umeme, alisema mnara wa turubai na rangi haumtishi mtu tena. "Siku hizi mtu hafungwi mnarani, Oreste. Nionyeshe anakofungwa leo." Waliubeba ubishi huo kila Jumapili hadi kwenye meza ya Ermes, juu ya mabakuli ya anolini, vitambi vilivyojazwa nyama kwenye supu, na hakuna aliyetaka uishe.

Uliishia kwenye mluzi. Mwongozaji mmoja aliligeuza kasri kuwa duka la kufulia nguo, na mwimbaji akaimba wimbo wake wa kufa akiwa amepiga magoti mbele ya mashine. Oreste alishindwa kuvumilia. Alitia vidole viwili mdomoni, na mluzi aliowakusudia wenye mashine ukaiangukia sauti ya yule mwanamke mahali ilipokuwa nyembamba kuliko pote. Sauti ikayumba. Kwa watu wa roshani, kumzomea mwongozaji ni haki ya kila mtu, na haki hiyo husubiri pazia. Kumkatiza anayeimba ni aibu.

"Umechukia nguo, ukamchoma mvaaji," Ermes alimwambia ngazini. "Usije Jumapili."

Tangu siku ile Oreste alihudhuria kila onyesho la kisasa akiwa amefumba macho. "Nimekuja kusikiliza," aliwaambia walioshangaa. Jumapili alipasha supu ya kopo, akainywa amesimama kando ya jiko, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulihitaji moyo ambao hakuwa nao.

Jumapili moja ya Januari, onyesho likiwa la saa tisa unusu mchana, ukungu ulishuka mpaka kwenye nguzo za ukumbi. Katika mwito wa saa mbili Ermes aliitika kama kawaida. Ilipofika saa nne baridi ilikuwa imezidi, na Oreste alikuwa amejifunga skafu hadi puani.

"Ghidini."

Kimya. Ermes alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka kwake, akimtazama usoni.

"Ghidini!"

"Leo hata jina lake kalisusa," alisema Zaira, muuza jibini, namba mbili kwenye orodha. "Mkate huyo, Cavalca. Sheria ni yako mwenyewe."

Watu wakacheka. Lile neno moja lililobaki kati yao, sasa nalo Ermes alikuwa amelichukua. Oreste aliiteremsha skafu ili kuita kwa mara ya mwisho, na kabla hajamaliza silabi ya pili, Ermes alijibu kwa sauti ya juu kupita kiasi: "Nipo!"

"Haya, bwana, tumekusikia hadi Bologna," alisema Zaira.

Watu walipotawanyika kwenda kunywa kahawa, Ermes alibaki ukingoni mwa barabara, akiwa amempa mgongo. Oreste alimsogelea. Huenda ni ule mgongo uliompa ujasiri.

"Ermes," alisema. "Nilikosa."

Ermes hakugeuka. Baiskeli ikatokea ukunguni, kengele ikilia na kulia. Ermes hakusogea hata kidogo. Mwendeshaji alimkwepa kwa shibri moja.

"Babu, huna masikio?" alifoka, akapotea.

Ermes alishtuka, akaitazama baiskeli ikienda, kisha akatazama huku na huku kama mtu anayeangalia kama kuna aliyeona. Oreste alikuwa amekwisha kuinamisha macho kwenye karatasi zake. Ombi la msamaha alilolitunza kwa miaka mitatu lilikuwa limetoka, na halikuwa limefika popote.

Katika mwito wa saa sita aliiteremsha skafu mapema. Alisubiri macho yao yakutane, kisha akaita, "Ghidini," polepole, kwa midomo iliyofunguka vizuri.

"Nipo."

Roshanini alibadilishana nafasi na mtu mmoja, akakaa kando ya Ermes. Ermes alimtupia jicho, akasogea kidogo. Taa zilipozimwa, Oreste alifumba macho.

Ilikuwa opera ya malkia aliyefungwa na nduguye, ambayo wote wawili waliijua kwa moyo. Kutokana na minong'ono alitambua kwamba mnara umekuwa gereji ya chini ya ardhi, na malkia amevaa koti la mvua. Yeye alisikiliza. Ukafika wimbo wa mwisho, unaoanza chini kabisa, sauti moja na fidla moja, na ukumbi mzima ukaacha kukohoa.

"Ameshaanza?"

Ermes alikuwa ameuliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Oreste alifumbua macho. Kule chini, katika mwanga wa kijivu, malkia alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, amewageuzia watu mgongo. Ndivyo mwongozaji alivyotaka. Midomo yake ilielekea ukutani, na Ermes, aliyepigania maonyesho ya namna hii kwa nusu ya maisha yake, alikuwa ameinama mbele, ameshika reli kwa mikono miwili, akitafuta kwenye mgongo ule dalili yoyote ya wimbo.

"Nyamaza!"

"Nani huyo? Mtoeni nje!"

Roshani nzima iligeuka. Hata Ermes, kwa kuziona nyuso, alielewa, na uso wake ukapauka.

Oreste aliinua mkono. "Cavalca," alisema. "Ni mimi."

"Wewe tena?" Zaira alimzomea kwa mnong'ono. "Jana mluzi, leo domo! Huna haya?"

Oreste alimgeukia Ermes, akamshika kifundo cha mkono, na kwa kidole kimoja akaanza kumpigia mapigo ya fidla. Kisha, bila kutoa sauti, akayaumba maneno ya malkia kwa midomo yake, moja baada ya jingine, pale pale yalipokuwa yakiimbwa. Ermes aliutazama mdomo wake. Walibaki hivyo, wazee wawili wakitazamana katika mwanga ule hafifu, wala hakuna aliyeangalia jukwaa, hadi fidla iliponyamaza, na midomo ya Oreste ikaumba neno moja zaidi, lile lililopotea asubuhi ukingoni mwa barabara.

Makofi yakaanza, na mizomeo ndani yake.

"Neno la mwisho," alisema Ermes. "Hilo halimo kwenye opera."

"Halimo," alisema Oreste.

Ermes aliyarudisha macho jukwaani, akapiga makofi pamoja na wengine.

Ngazini Zaira alikuwa akisubiri, amekunjua kiganja. "Penseli," alisema. "Samahani, Cavalca, lakini mtu wa kutunza heshima ya roshani hawezi kuwa wewe." Oreste alimpa penseli na karatasi zote. Mfuko wa koti ulibaki mwepesi ajabu.

Nje ukungu ulikuwa umezidi. Ermes alisimama chini ya taa, na Oreste akasimama mbele yake, uso kwa uso, mahali penye mwanga.

"Zaira huita majina akiwa ameinamia karatasi," alisema Ermes. "Atanikata siku ya kwanza."

"Wewe huwa namba saba. Mimi nitajiandikisha namba nane, nikuguse ukiitwa."

Ermes aliutazama mdomo wake kwa muda mrefu, hata baada ya maneno kwisha.

"Hiyo skafu," alisema, "uwe unaiacha nyumbani."

Akaondoka kuelekea darajani. Oreste alimtazama hadi ukungu ulipomficha, kisha akashika njia yake, upande wa pili, shingo wazi, skafu mkononi.