Bega la Kushoto

Sampuli ya kumi na tisa nayo ilitupwa. Tangu Januari, Tamsin, mwenye karakana ya mitindo pale Los Angeles, alikuwa akitafuta fulana nyeupe ya kawaida, isiyo na ua wala maandishi, ila mtu akiivaa ionekane imemzoea.

"Hii imesimama kama kadibodi," alisema. Ndipo jicho lake likamwangukia Odilia, mshonaji wake wa sampuli. "Hiyo uliyovaa umeinunua wapi?"

Odilia aliinamisha uso. "Ya mama. Alijishonea."

Mama yake, Herlinda, alishona humo humo karakanani miaka ishirini na sita, kwa cherehani anayoitumia Odilia sasa, hata bega lake la kushoto likashuka. Fulana za dukani zikamkataa. Akawa anajikatia zake kwa mabaki ya vitambaa, bega moja chini ya jingine. Alifariki mwezi Machi, na katika alizoshona ilibaki hii tu.

"Niazime, niipime tu," Tamsin alisema.

Humo ndani kila mtu alijua: nguo ya kupimwa hutundikwa msumarini, iliyolazwa mezani ni ya kufumuliwa. Lakini msumari ulikuwa karibu na mlango wa Tamsin, na jioni ile alikuwa na wageni. Odilia aliona haya kupita mbele yao. Akabadili nguo, akaikunja fulana vizuri, akaiweka pembeni mwa meza. Nitaitundika asubuhi, alijiambia.

Asubuhi Don Chepe, mkata vitambaa, alimtangulia.

"Umeamka saa ngapi, bibi harusi?" alimtania. "Mimi nimeshafumua hii. Aliyeishona alikuwa mkaidi, we! Mishono kama meno ya panya!"

Odilia hakucheka. Mezani palikuwa na vipande vinne vya kitambaa.

"Ya nani?" mzee aliuliza, sauti imeshuka.

"Ya mama."

Don Chepe alivua miwani. "Herlinda? Mbona uliilaza mezani, mwanangu?"

Odilia alivisogeza vile vipande vikaribiane.

"Tutairudisha. Matundu ya sindano yapo, tutapita mle mle," mzee alisema.

"Uzi hautakuwa wake, Don Chepe."

Odilia alichutama, akaokota nyuzi sakafuni moja moja, akazitia mfukoni mwa aproni.

Mchana alishona sampuli ya ishirini kwa vipimo vya vile vipande. Tamsin aliivika sanamu ya mbao, akaizunguka mara mbili, kiganja mdomoni.

"Ndiyo hii! Jamani, ndiyo hii!"

Watu wakapiga makofi. Kisha Tamsin akainamisha kichwa upande. "Ila bega la kushoto limeanguka. Linyooshe, lilingane na mwenzake."

Don Chepe alifungua mdomo. Odilia akamtikisia kichwa. Akaivua sampuli kwenye sanamu, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akalinyoosha.