Msiimbe Kwanza

Afande Gorreti hakujua kuomba kitu kwa upole. Alikuwa sajini wa magereza, na hata kanisani, kwenye uenyekiti wake wa akina mama, alitangaza mambo kama mtu anayepanga lindo.

"Jumamosi, wote kwa Mama Arnold! Sabuni mnakuja nayo. Kuni mnakuja nazo. Mwenye kucha ndefu akate. Tunakwenda kufanya kazi, hatuendi kula. Bwana asifiwe?"

"Asifiwe!"

Akello, ndiye huyo Mama Arnold, aliinamisha kichwa akatabasamu kama bibi harusi. Lakini moyoni alisema: Wameniona.

Ushirika wao, wa wake wa askari na askari wanawake wenyewe katika kambi ya magereza hapo Jinja, ulikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Mwenzao akifiwa, akijifungua, ama wakiona tu macho yake yameingia ndani, hawamwulizi maswali mengi. Wanamwendea. Wanafua, wanapiga deki, wanasonga posho, yaani ugali, na mwenye nyumba anakalishwa kwenye mkeka kama mzazi mpya. Halafu wanaomba naye, wanaondoka. Akello alikwisha kwenda nyumba nyingi hivyo, akasugua sufuria za watu mpaka zikawa vioo. Yeye kuendewa, hilo halijawahi kutokea.

Sababu ilikuwa Jumapili iliyopita. Alisimama kuongoza wimbo, akafungua mdomo, sauti ikakataa. Kifua kilimdunda hata akadhani waliokaa mbele wanasikia. Waimbaji wakaudaka wimbo, mambo yakapita, watu wakasema ni mafua. Yeye alijua si mafua. Ilikuwa miezi sasa, kila akifumba macho aombe, kitu ndani kinaanza kukimbia huku na huku kama kuku aliyeona mwewe. Maneno hayaji. Kwa hiyo akaacha kufumba macho. Wengine aliwaombea kwa sauti, kwa yale maneno ambayo mdomo umeyazoea, lakini akiwa peke yake hakuwa na neno la kumwambia Mungu. Alikuwa na hofu moja tu: kwamba Mungu amemwacha, na siku wanawake hawa watakapojua, nao watamwacha.

Sasa mtu mwenye siri ya namna hiyo atakaaje mkekani, wengine wakimfungulia kabati?

Ijumaa alifunga meza yake sokoni mapema. Halimah, muuza vitenge wa meza ya jirani, mwanamke wa Kiislamu mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kambini, alimwona anafunika makopo ya odii, ile karanga iliyosagwa na simsim anayouza.

"Mapema hivyo, shoga?"

"Kesho nina wageni. Wanakuja kunifulia."

"Mashallah! Kwa hiyo unakwenda kupumzika."

"Nakwenda kufua."

Halimah aliweka mkasi chini. "Ngoja nielewe. Kinyozi anakuja, na wewe unakwenda kujinyoa?"

"Watakuta mashuka ya watoto, Halimah. Watakuta masizi ya jikoni. Mimi ndiye nawafundisha usafi."

"Sikiliza, Mama Arnold. Sisi tunafunga kula mwezi mmoja, na jua likizama tunafuturu. Wewe umefunga kukaa. Sijui magharibi yako itaingia lini."

Akello alicheka, lakini kicheko kilimkauka njiani, akajitwika kapu akaenda.

Wanawake walipofika Jumamosi, na ndoo zao na kuni zao kichwani, walikuta kamba zimejaa nguo zilizokauka. Ua ulikuwa na mistari ya ufagio, hakuna hata jani. Sufuria zilipangwa kwa ukubwa, zinang'aa kama gwaride. Na ndani, kuku wa karanga alikuwa anatoa harufu inayoweza kumrudisha mtu aliyehama.

Afande Gorreti alisimama mlangoni, mikono ya gauni ameikunja hadi viwikoni, hana pa kuitumia.

"Mama Arnold. Hii ni nini?"

"Karibuni ndani, afande. Chakula kitapoa."

"Tulisema hatuli."

"Chakula cha Mungu kinakataliwa?"

Wakatazamana. Wakanawa. Wakala, wakalamba vidole, wakamsifu: mke mwema nani awezaye kumwona, sisi tumemwona, yuko hapa kambini kwetu! Wakaimba, wakaomba. Na kabla ya kuondoka, afande Gorreti akapata wazo.

"Mtu kama huyu ndiye wa kupeleka Mbale. Sikukuu ya akina mama wametuomba msemaji. Somo ni 'Moyo Uliotulia.' Mama Arnold, utakwenda?"

"Nitakwenda," akajibu Akello, masikio yake hata hayajamaliza kusikia.

Walipokwisha kwenda, zikabaki sahani. Aliziosha peke yake, na wageni wakiwa wameshafika kwao, akajikuta bado anasema, "Nashukuru, nashukuru sana," anaziambia sahani.

Mumewe, Wanyama, alikuwa amehamishiwa Mbale mwaka uliotangulia, akapewa chumba kimoja katika nyumba za askari. Akello alifika siku moja kabla ya sikukuu. Wanyama alikuwa amepika samaki kwa mkono wake, ametandika na kitanda, amesimama pembeni kama anayengoja kukaguliwa. Akello alimsalimia, akavua viatu, akaomba tambara, akapiga magoti.

"Mama Arnold, nyumba nilisafisha."

"Hata chini ya kitanda?"

"Kesho utahubiri chini ya kitanda?"

"Nakuja sasa hivi."

"Unakuja tangu mwaka jana." Wanyama alikaa kitandani, akainua miguu tambara lipite. "Una nini wewe? Kwenye simu unaongea na mimi huku unasikika unakatakata kitu."

"Nimechoka kidogo tu."

"Kidogo ni kile ambacho mtu akilala kinaisha."

Alitaka kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini akatoka nje kumwaga maji machafu, akabaki amesimama na beseni. Mbele yake mlima Wanale ulikuwa umelowa mvua, na maporomoko yakishuka meupe ukutani mwa jiwe, yanashuka tu, yanashuka. Watu husema ni mazuri. Yeye aliyahurumia. Aliporudi ndani aliomba pasi.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa magomesi, yale magauni ya sherehe, ya kila rangi. Akina mama wa Buwenge walikuja, wa Jinja walikodi gari, afande Gorreti mbele yao amevaa miwani nyeusi. Wenyeji wa Mbale waliwapokea kwa vigelegele na ngoma. Nje, masufuria makubwa yalikuwa motoni. Akello alipopita alionja mchuzi, akasema chumvi bado, ndipo akaingia.

Akaitwa jina. Akasimama, akafungua Biblia.

"Moyo uliotulia," alianza, na kile kitu ndani kikaanza kukimbia.

Alishika meza. Alitazama nyuso zile zote zilizompokea kwa furaha, wanawake walioamka na giza wakakamua ng'ombe, wakavalisha watoto, wakapanga zamu, wakaja. Alikuwa na maneno tayari. Angeweza kuyasema hata akiwa usingizini.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nimekuja kuwafundisha kitu ambacho sina."

Wakacheka. Wahubiri wengi huanza hivyo. "Amina! Sema mama!"

"Sina. Siombi tena. Nikifumba macho naogopa, nafumbua. Ninawaombea watoto wenu kwa mdomo, lakini moyo wangu haupo. Miezi sasa."

Kicheko kikakatika. Watu wakatazama mapaja yao.

Na hapo wakafanya kile wanachofanya siku zote. Katika ushirika, mwenzao akilia mbele za watu, ama akikwama, mmoja huanzisha wimbo na wengine huudaka, ili asiaibike. Ni wema. Wimbo unamfunika mtu kama shuka mpaka ajipanguse machozi, aende kuketi. Mama mmoja wa Mbale akatoa sauti, makofi yakaingia, ngoma ikaingia. Akello mwenyewe alikwisha kuwaanzishia wengi wimbo huohuo. Sasa ndipo alipojua kwamba aliye chini ya shuka hasikiki.

Akainua mkono.

"Msiimbe."

Wimbo ukaendelea.

"Msiimbe kwanza! Nawaomba. Nisikieni, halafu mtaimba mpaka jioni."

Ukafa kidogokidogo, safu kwa safu. Ngoma ikawa ya mwisho.

"Wa Jinja mlikuja kwangu na sabuni," alisema. "Niliwafungia mlango kwa kuku. Nilifua kabla yenu kwa sababu ya aibu, na si aibu ya mashuka. Nilijua mkinikalisha mkekani nitalia, na nikilia sijui kama nitaacha. Kazi ndiyo kamba inayonishika. Ikiisha, naanguka. Na Mungu, sijui kama bado ananijua. Nimemaliza."

Hakusema amina.

Bibi mmoja alisimama pale nyuma. "Hilo ni pepo! Tumwekee mikono!"

"Pepo gani huyo, nyabo," mwingine akamjibu, "anayeonja hata chumvi ya sikukuu?"

Kicheko kikawaponyoka wachache, wakakimeza. Wote wakamgeukia afande Gorreti wangoje amri. Alivua miwani. Amri haikuja.

"Mimi nilikula kuku," akasema, kwa sauti ambayo kambini hawajaisikia. "Niliona macho yake. Niliona nyumba inang'aa kuliko nyumba ya mtu mwenye afya. Nilijua, na nikala. Halafu nikampa kazi nyingine juu."

Mwanamke mwembamba wa mstari wa pili, Racheal, muuguzi wa hapo Mbale, akaomba kusema. "Watu wa namna hii wanakuja kwangu kila mara. Wengi ni wa kwaya, wengi ni viongozi. Wanasema kifua, wanasema kichwa, ukikaa nao ni hili. Moyo nao unaugua kama goti. Una matibabu yake, na mengine ni kuzungumza tu na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Kwenda kwa daktari si kumwacha Yesu. Hata Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena."

"Atakwenda," akasema afande Gorreti. "Mimi mwenyewe nitampeleka." Akamtazama Akello, akakumbuka kwamba hajamwuliza. "Kama anakubali. Unakubali, dada?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Akello aliitikia kwa kichwa, kwa sababu sauti ilikuwa imekataa tena. Machozi yalikuja. Hakuna aliyeimba. Walimwacha alie wakimtazama, na ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri, na haikumwua.

Walimkalisha nyuma, kwenye mikeka ya wanaonyonyesha. Mkutano ukaendelea bila yeye. Mmoja alisimama akasema la kwake, kuhusu usingizi uliopotea, na huyo pia wakamngoja amalize. Mikono ya Akello ilihangaika. Iliokota shali ya mtoto wa mtu, ikaikunja, ikaikunjua, ikaikunja upya. Mama wa mtoto akamnyang'anya shali bila kugomba, akamwekea mtoto mwenyewe mapajani.

"Huyu amekwisha kuoga. Mshike tu."

Akamshika. Alijaribu kufumba macho. Kile kitu kikaanza kukimbia, akafumbua. Akatulia, akafumba tena, mara hii bila kutafuta maneno yoyote. Kilikimbia, kikakimbia. Alikiacha kikimbie.

Nje mpishi akapaza sauti. "Mama Arnold! Mama Arnold wa Jinja! Njoo uonje, chumvi tumeongeza!"

Miguu yake ilijikusanya yenyewe isimame. Mtoto alikuwa amemshika gomesi kwa ngumi nzima. Sauti ya mpishi ikarudi, karibu zaidi, mpaka dirishani. "Jamani, Mama Arnold yuko wapi? Watu watakula hivihivi?"

Akello hakuitika. Kule mbele, bila kugeuka, afande Gorreti akajibu dirisha.

"Yupo. Amekaa. Onjeni wenyewe."