Kisutu cha Shangazi

Sabaha hakuwahi kumkosea Zamoyoni hata neno. Kosa lake lilikuwa jina. Shangazi yao, muuza vitumbua wa Mtaa wa Mchikichi, naye aliitwa Sabaha, na mdogo wake wa kiume alipopata binti alimpa mtoto jina hilo hilo. Basi ikawa ndiyo hivyo: binti wa baba mdogo akawa somo wa Shangazi, na Zamoyoni, binti wa kaka mkubwa, akawa mpuliza moto.

Na moto aliupuliza kweli. Aliletwa Kariakoo kutoka Utete akiwa mdogo, mama yake alipofariki, akakulia kwenye ua wa Shangazi. Alifundishwa kuloweka mchele na kuutwanga, kujua iliki imetosha kwa kunusa tu, na kugeuza kitumbua kwa njiti ya baiskeli bila kukitoboa. Kitumbua cha kwanza siku zote hutoka kibaya, kimeungua huku na kimelegea kule, na Shangazi hakukiuza. Alikipuliza, akamwekea Zamoyoni kiganjani.

"Kula, mwanangu, tujue kama siku imetukubali."

Hakuna kitu Zamoyoni alikipenda duniani kama kitumbua hicho kibaya. Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumapili Sabaha alikuja kutoka Magomeni, kapakwa mafuta mpaka magotini, na kitumbua cha kwanza kikaenda kwake.

"Mpisheni somo yangu," Shangazi husema. "Mpisheni mwenyewe apite."

Somo mwenyewe alikula nusu, nusu akampa paka. Zamoyoni alimtazama yule paka kwa chuki ambayo paka wa watu hakuistahili.

Wakakua, na wivu nao ukakua, tena ukanawiri. Makao yake yalikuwa kwenye sanduku la Shangazi, chini kabisa, palipolala kisutu alichoolewa nacho. Khanga ya harusi ile, nyekundu, nyeusi na nyeupe, isiyo na maandishi, Shangazi mwenyewe alikuwa ameivaa mara moja tu. Kila mkesha wa Idi Shangazi alikitoa, akafukiza udi, na Zamoyoni akashika pembe mbili ili moshi upite vizuri. Shangazi akasimulia harusi yake: mvua ilivyonyesha, wapishi walivyounguza pilau, na jinsi yeye bibi harusi alivyocheka mpaka akakanywa. Usiku ule wa Idi, Shangazi alikuwa wa Zamoyoni peke yake.

Asubuhi kisutu kilitua kwenye mabega ya Sabaha.

"Hebu nijione," Shangazi alisema, akirudi nyuma na kukunja mikono. "Vyangu vyote vya somo yangu huyu."

Majirani wakacheka. Zamoyoni alikwenda uani kuosha masufuria yaliyokuwa masafi. Hakuwahi kuvishwa kile kisutu hata siku moja, wala kujaribishwa kwa utani.

Shangazi alifariki wakati ule wa foleni, mwaka ambao khanga ikiingia duka la ushirika watu hupanga mawe tangu alfajiri kushika nafasi. Zamoyoni alikuwa ameshaposwa na Awadhi, fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, na harusi ilikuwa ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi kubwa. Sasa nyumba imejaa wanawake, maji yanachemka, na Bi Mgeni wa mtaa wa Gerezani, mwosha maiti, ameshakunja mikono ya gauni.

"Zamoyoni," Bi Kidawa aliita kutoka uani. Huyu alikuwa jirani na shoga wa marehemu tangu usichana wao. "Lete khanga za kukingia."

Kila mwanamke aliyepata kufiwa anajua. Khanga ya kufunika jeneza hurudi nyumbani. Khanga za kukingia, zile wanawake wanazozishika kuzunguka maiti anapooshwa, hairudi hata moja. Mwosha huondoka nazo, na hakuna anayeuliza.

Zamoyoni alifungua sanduku. Juu zilikuwepo khanga kuukuu za kutosha. Aliziona, akazishika, akachukua mbili. Kisha mkono ukashuka chini. Alikuwa akilia, machozi ya kweli, lakini ndani ya kilio kulikuwa na mtu mwingine anayesema kwa utulivu: Sabaha asikipate. Heri kiende Gerezani kwa mtu baki. Akatoka na kisutu kikiwa katikati ya zile kuukuu, na katika pilikapilika ile hakuna aliyekitazama mara mbili.

Siku ya arobaini, baada ya khitma, Bi Kidawa alikaa mbele ya sanduku kutoa wasia alioachiwa na marehemu, wanawake wakisikia.

"Bakuli za maua na mkufu, za somo yake," alisema. Sabaha akapokea. "Kisutu, cha Zamoyoni, avae siku ya harusi yake."

Zamoyoni aligeuka kulitazama sanduku.

"Mimi nilimwuliza," Bi Kidawa aliendelea huku akipekua, "'Mbona kila Idi unamvisha yule mwingine?' Akaniambia, 'Mwenye kisutu hakijaribu kabla ya siku yake, ni mkosi. Sabaha namwazima tu nione kama kingali kizima. Yule ana jina langu, linamtosha. Zamoyoni ndiye mkono wangu.'" Akafika chini ya sanduku. "Mbona hakipo?"

Mwanamke mmoja akakumbuka kuona wekundu kwenye khanga za kukingia. Wanawake wakamgeukia Zamoyoni. Zamoyoni hakuweza kuinua uso.

"Mwacheni," Sabaha akasema. "Siku ile nani alikuwa na akili zake? Alishika alichoshika."

Wiki iliyofuata Zamoyoni alimwona Bi Mgeni sokoni, kajitanda kisutu, anachagua bamia. Alimsogelea mpaka akasikia udi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mmeshapoa?"

"Tumeshapoa," akajibu, akanunua nyanya asizozihitaji. Kitu kilichotoka na maiti hakidaiwi, na yeye ndiye aliyekitoa.

Siku ya harusi alikuwa ameketi chumbani kwa Shangazi, kapakwa hina, tayari kutoka na khanga ya kawaida. Sabaha akaingia. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi na vidole vina matundu ya sindano. Alikuwa amepanga foleni tangu usiku kwa kisutu kipya, akakikata na kukipinda kwa mkono, maana fundi mwenyewe ndiye bwana harusi. Kilikuwa kigumu bado, kinanuka duka.

"Si kile," Sabaha akasema, akimtandia mabegani. Akarudi nyuma, akakunja mikono. "Hebu nimwone Shangazi."

Miaka yote Zamoyoni alimwonea Sabaha wivu kwa vitu ambavyo kumbe vilikuwa vyake mwenyewe. Leo alimwonea kwa kitu ambacho kweli yeye hakuwa nacho, moyo ule, na wivu huu uliuma kupita wote. Akainamisha kichwa akalia, na wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani ni haya ya bibi harusi.