Masinia Mawili Mezani

Cherehani ya mama mkubwa ilikaa juu ya matofali. Kila mvua kubwa iliposhuka, maji yaliingia dukani bila hodi, mwishowe akaamua kuiinua. Yeye mwenyewe alikalia stuli iliyopandishwa juu ya kreti, na wateja wakimshangaa aliwaambia, "Nashona kama nimepanda ngamia."

Asubuhi ile, binti wa mdogo wake alipita kuazima masinia mawili ya bati.

"Unaenda kikaoni au harusini?"

"Kikaoni, Mama. Leo wanapiga kura."

"Ya kinamasi?"

"Ndiyo."

Mama mkubwa alikata uzi kwa meno. "Wakikifukia, mwanangu, nauza cherehani. Mvua nyingine sitaingojea hapa."

Binti huyo alikuwa afisa mazingira wa halmashauri. Ofisini walimwita Redio kwa kumtania, maana sauti yake haikufika hata meza ya pili. Kinamasi chenyewe kilikuwa upande wa juu wa soko, mahali mto unapotanuka kabla ya kuteremkia mtaa wa mafundi, lilipo duka la mama mkubwa. Nusu yake ilikuwa imeshafukiwa, na tangu hapo ndipo maji yalipoanza kuzoea maduka. Sasa mhandisi wa halmashauri alitaka kufukia na nusu iliyobaki, kisha apitishe mfereji wa zege ulionyooka moja kwa moja. Redio, kwa upande wake, alikuwa ameingiza kifungu katika rasimu ya sera ya maafa: kinamasi kilindwe, sehemu iliyofukiwa ifukuliwe, na matete yapandwe upya. Katika kikao kilichopita alisoma kifungu hicho kwa sauti ya mgonjwa. Alipotua kuvuta pumzi katikati, mwenyekiti alimshukuru akaita ajenda inayofuata.

Safari hii hakusoma. Aliyapanga masinia juu ya meza ndefu na kuyainamisha kwa kuweka mafaili mazito chini ya upande mmoja. Ukingo wa upande wa chini alikuwa ameubonda kwa nyundo ili maji yapite. Sinia la kwanza aliliacha tupu. La pili alilijaza bonge la udongo wa kinamasi, matete yakiwa bado yamesimama. Mbele ya kila moja alitandaza vifungo vya nguo.

"Haya ni maduka," alisema.

"Redio, ongeza sauti!" mtu akadakia, na chumba kizima kikacheka.

Redio akamsogezea mhandisi jagi la maji. "Tafadhali mimina wewe. Kote kuwili sawasawa."

Mhandisi alimimina bila wasiwasi. Kwenye bati tupu maji yaliteleza, yakazoa vifungo vyote na kuishia mapajani mwa mwenyekiti.

"Lo! Suruali yangu!"

Sinia la pili lilidondosha matone, basi. Vifungo vyake vilitulia pale pale.

Mhandisi aliweka jagi chini. "Hili ni sinia, dada, si mji. Na huo udongo ukishashiba maji, je?"

Swali lilikuwa zuri. Redio alikuwa ameliogopa wiki nzima.

"Mimina tena," alisema.

Akamimina. Sasa maji yalitoka, lakini polepole, mkondo mwembamba ukipenya katikati ya vifungo. Kimoja kiligeuka. Vingine havikutikisika.

"Ukishiba unaachia, ila hauachii kwa pupa. Na hapo ndipo tunapokuhitaji wewe, Mhandisi. Tujengee mfereji mdogo chini ya kinamasi, uyapokee hayo yanayotoka. Tunauhitaji pamoja nacho, si badala yake!"

Mhudumu aliyekuwa anapita nje na birika la chai alisimama mlangoni kusikiliza.

Mhandisi aliinama akachungulia mkondo ule, akaufuatisha kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Mfereji mdogo," alisema. "Huo nauweza."

Mwenyekiti alikuwa akikamua suruali. "Mimi nimeshafurikiwa leo, inatosha. Wanaounga mkono kifungu?"

Mikono ikapanda. Wa mhandisi ulichelewa kidogo, kisha nao ukapanda.

Mvua kubwa iliporudi, kinamasi kilikuwa kimeshafukuliwa na matete mapya yameshika mizizi. Ilinyesha mpaka mabati yakachoka. Kulipopambazuka Redio alivaa viatu vya mpira akakimbilia mtaa wa mafundi. Kando ya barabara mfereji mpya ulibeba maji yanayotembea kama mtu asiye na haraka. Seremala wa jirani alisimama na fagio lake la kusukumia maji, asione cha kusukuma.

"Leo yamepotelea wapi?" aliuliza.

"Yamelala kinamasini!"

Dukani sakafu ilikuwa kavu. Mama mkubwa aliikagua pembe kwa pembe, kisha akapiga kreti teke.

"Shika upande huo, mwanangu. Tuishushe."

Waliishusha cherehani. Mama mkubwa akakaa, akakanyaga pedali, akashona mshono mrefu usio na sababu yoyote.

"Halafu masinia yangu umeyabonda, usidhani sijaona."

"Nisamehe, Mama. Na haya matofali?"

"Mpe mhandisi wako akajengee, yule pale anaukagua mfereji wake. Mwite."

"Nimfuate?"

"Umfuate ya nini? Mwite kutoka hapo hapo mlangoni."

Redio alivuta pumzi, akaita. Mhandisi aligeuka, na mtaa mzima ukageuka naye.