Bikira Juu ya Paa la Gari Letu

Dada yangu Casilda alipanda gari langu amevaa nyeusi tupu, begi limekaa mapajani, kama mtu anayepelekwa kulazwa hospitali. Nilimwambia tena na tena kwamba tunakwenda kutembea, kufurahi. Akanijibu, "Endesha tu, Olvido. Ukishachoka na upuuzi wako utanirudisha nyumbani."

Mimi niliendesha mabasi ya jiji la Valladolid, Hispania, mpaka nikastaafu. Miaka yote hiyo sikuwahi kukata kona ambayo sikupangiwa na mtu mwingine. Ndiyo maana nikanunua gari-nyumba, kuukuu lakini zima: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki dogo kama bakuli, na kwenye paa dirisha pana la kusukuma juu ili hewa iingie. Casilda nilimchukua kwa kumburuta. Tangu mumewe Fermín afariki, vuli iliyopita, alikuwa hafungui hata mapazia ya sebuleni.

Tukashika njia ya kusini hadi mkoa wa Extremadura. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri mwaka ule. Mashamba yalikuwa mekundu kwa maua ya porini, na korongo walikuwa wamejenga viota juu ya kila mnara wa kanisa, wanagonga midomo kutwa nzima. Casilda hakuona cha kusifu. Kitanda kigumu. Kahawa inanuka gesi. Korongo wana kelele. Tulipopita chini ya mialoni, palipokuwa na nguruwe weusi wanachimbuachimbua, alisema, "Hata nguruwe wa huku wananitazama vibaya."

Jumamosi jioni tukaegesha kwenye majani kando ya kijiji kiitwacho Fuentelarga. Palikuwa kimya kabisa, tukalala vizuri. Asubuhi nikashtushwa na fataki, kisha ngoma, kisha mtu akaanza kuupiga mlango wetu kwa ngumi.

"Tokeni! Mmelala barabarani kwa Bikira!"

Casilda akanitangulia kutoka, na gauni lake la kulalia, nywele zimesimama. Nje kijiji kizima kilikuwa kimevaa nguo za sikukuu. Nyuma yao trekta lilikuwa limezama kwenye tope hadi nusu ya magurudumu, na kwenye tela lake, katikati ya maua, alisimama Bikira Maria wa mbao mwenye joho la buluu na taji. Trekta lilikuwa limejaribu kulikwepa gari letu.

"Barabara gani?" Casilda akamuuliza yule aliyegonga, mzee mpana aitwaye Herminio, dereva wa trekta na mkuu wa chama cha Bikira. "Mimi naona majani tu. Hakuna hata kibao."

"Kibao cha nini, mama? Bikira anapita hapa kila mwaka tangu enzi za babu wa babu yangu!"

"Babu wa babu yako hakutupa taarifa sisi watu wa Valladolid."

Watu wakacheka, hata ngoma ikanyamaza. Herminio hakucheka. Padri akaitazama saa yake, akasema misa ni saa sita, na kanisa dogo la Bikira liko ng'ambo ya kijito, mwendo mrefu. Wa kumbeba mabegani hawakuwepo. Vijana wenye mabega walishahamia Madrid. Nikaona watu wanatutazama, nikatamani ardhi inimeze.

"Basi apande kwetu," Casilda akasema.

Nikageuka kumwangalia. Alikuwa amejishika kiuno.

"Alale humo ndani?" Herminio akafoka. "Bikira halazwi kama gunia la viazi!"

"Nani kasema alale? Olvido, fungua dirisha la juu."

Wakamwinua watu sita. Mlangoni ilibidi ainamishwe kidogo, na padri akageukia upande wa pili asione. Wakamsimamisha kati ya jiko na kitanda, kichwa na taji vikatokeza juu ya paa. Mtu akafunga maua kwenye vioo vya pembeni. Casilda alivaa haraka, akajibana mle ndani, akamkumbatia Bikira kiunoni ili asiyumbe.

Nimeendesha basi katika theluji, nimeendesha siku za mechi, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilikwenda mwendo wa kobe, ngoma mbele yangu na wanakijiji waliopanda farasi pande zote mbili. Madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo kila mtu alimsikia Casilda akizungumza na abiria wake kama na jirani.

"Vumilia, Mama. Huyu mdogo wangu anadhani bado anakimbizana na ratiba. Wewe Olvido, shimo! Huoni shimo?"

Kijito kilikuwa kimejaa. Tulipofika katikati, magurudumu yakazunguka bure na gari likaegemea upande. Watu wakapiga kelele. Kwenye kioo nikamwona dada yangu amemshika Bikira kwa mikono yote miwili, shavu lake limezama kwenye joho.

"Sukumeni!" akapaza sauti. "Anaanguka! Sukumeni, kwani hizo nguo za sikukuu mmezivalia nini?"

Herminio akaruka majini na suruali yake ya sikukuu, wengine wakamfuata, padri naye kanzu mkononi. Gari likaruka mbele, likatoka. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, nikadhani Casilda analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, machozi yanamtiririka, na taji juu ya paa likawa linatikisika pamoja naye.

Tukafika kabla ya kengele.

Baada ya misa zikatandikwa meza chini ya miti: kimanda kinene cha viazi, soseji, jibini la kondoo, divai ya mtungi. Hatukuruhusiwa kutoa hata mkate wetu. Muziki ulipoanza Herminio akaja, suruali bado inachuruzika, akamnyooshea Casilda mkono.

"Mimi ni mjane," Casilda akasema.

"Mimi pia. Na magoti yangu yalikufa kabla ya mke wangu. Njoo tu, hatutafika mbali."

Akasita. Akavua koti lake jeusi, akanipa nilishike. Wakacheza vibaya sana, huku wakibishana nani kamkanyaga nani.

Jioni trekta likaja, limenasuliwa topeni na kuoshwa, kumrudisha Bikira kijijini. Wakampandisha kwenye tela, likaondoka. Casilda akalikodolea macho.

"Hivi hivi? Bila hata kuaga?"

"Dada, ni sanamu."

"Nimemshika kiuno asubuhi nzima, Olvido. Washa gari, tumfuate."

Nikawasha. Tukaenda nyuma ya msafara polepole, na Casilda, kiwiko dirishani, akawa anaimba wimbo wa Fuentelarga aliofundishwa mchana ule, maneno nusu nusu, kwa sauti ya juu kuliko wote.